Hivi kujisemea maneno ya kutuliza kabla ya kulala kunasaidia kweli, au tunajidanganya?

#1 Macho_Balbu

Wakuu salaam.

Nina shida ya usingizi, si ya kutisha ila inachosha. Kitandani naingia saa nne, saa sita bado nageuka upande huu na ule. Mwenzangu mmoja kazini kanipa mbinu: nikishazima taa nijisemee kimoyomoyo, polepole, "Niko salama. Siku imeisha. Ninapata usingizi mzito." Nirudie hivyo hivyo hadi nipotelee humo.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno, nikaanza hata kuwatangazia watu. Sasa hivi nikifika kwenye "ninapata usingizi mzito" kuna sauti humo ndani inadakia: "Nani? Wewe?" Basi ubishi unaanza, na ubishi wenyewe ndio unaonikesha.

Nauliza: hiki kitu kina msingi wowote, au ni biashara ya watu wa programu za simu? Na kama kina msingi, kwa nini kilifanya kazi kikaacha?

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimeshakaa. Wajuzi njooni.

#3 Kauzu_Original

Mkuu, maneno hayamlazi mtu. Kinachomlaza mtu ni uchovu, giza, na mwili usio na kahawa. Hebu tuambie kwanza kikombe cha mwisho unakunywa saa ngapi. Ukinywa saa kumi jioni, karibu nusu ya ile kafeini bado inazunguka mwilini saa tatu usiku. Halafu mtu huyo huyo anaingia kitandani na simu usoni, anazima taa, anajiambia "nina amani". Amani ipi?

#4 Mama_Wawili_Tu

Kauzu umenichekesha. Mume wangu anayo haya mambo. Taa ikizimwa tu anaanza kunong'ona: "Mimi ni mtulivu, mimi ni mshindi, mafanikio yananifuata." Haichukui muda anakoroma. Mimi niliyekuwa nasinzia ndiye nabaki macho, najiuliza hayo mafanikio yanamfuata kwa njia ipi na yamekwama wapi.

Kwa hiyo mtoa mada, kwangu jibu ni ndiyo, yanasaidia. Ila kimoyomoyo, tafadhali.

#5 Bwana_Rejea

Jambo hili halikuanza na programu za simu. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na daktari Mfaransa, Émile Coué, pale Nancy. Aliwapa watu sentensi moja fupi, kwamba kila siku, kwa kila hali, wanazidi kuwa bora. Waitamke mara 20 wakiamka na mara 20 wakiwa kitandani usiku, macho wamefumba. Ili hesabu isiwasumbue akawaambia washike kamba yenye mafundo 20, kila sentensi fundo moja linapita vidoleni. Watu walimiminika kwake.

Siri yenyewe ilikuwa kukaza nia. Unajilazimisha kuamini mpaka akili inasalimu amri. Macho_Balbu, wewe umelegea tu.

#6 Dawa_na_Dozi

Bwana_Rejea, mwenzangu asinyang'anywe kazi yake. Coué hakuwa daktari, alikuwa mfamasia.

Na hiyo siri umeigeuza chini juu. Coué alisisitiza kinyume chake kabisa: usikaze, usijilazimishe. Alisema nia ikigombana na taswira iliyomo kichwani, taswira ndiyo inayoshinda, na kadiri nia inavyokazana ndivyo inavyozidi kushindwa. Na mfano mmoja alioupenda ni huu huu wa kwetu, mtu asiyepata usingizi. Akitulia, hana shida. Akianza kujitahidi alale, anazidi kuwa macho. Ndiyo maana ile sentensi alitaka itamkwe kivivu, karibu bila kuisikiliza. Hata mafundo kazi yake ni hiyo, vidole vihesabu, kichwa kisihesabu.

Kwa hiyo Macho_Balbu hajalegea. Amekaza mno.

#7 Kiti_cha_Mbele

Hapa ndipo nilipokuwa napasubiri. Bwana_Rejea njoo utetee rejea zako.

#8 Bwana_Rejea

Haya, mfamasia. Mafundo 20 lakini umeyaacha salama, naona.

#9 Mtaala_Mpya

Mimi nadhani ile sauti inayodakia "Nani? Wewe?" ndiyo mada yenyewe, tusiipite haraka.

Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake, watafiti wa Canada, walitoa utafiti kuhusu watu wanaorudia kauli nzuri juu yao wenyewe, ya aina ya "mimi ni mtu wa kupendwa". Wale waliokuwa tayari wanajithamini walipanda kidogo. Wale waliokuwa wanajithamini kidogo, yaani hasa ndio walengwa wa maneno haya, waliorudia kauli walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo ambao hawakurudia chochote. Maelezo yao ni kwamba kauli ikiwa mbali na unachokiamini, kichwa kinaanza kukusanya ushahidi wa kuipinga.

Sasa mtu amekosa usingizi wiki nzima, anajiambia "ninapata usingizi mzito". Ushahidi wa kupinga anao mkononi. Saa ya ukutani ndiyo shahidi namba moja.

Angalizo: utafiti ule haukuhusu usingizi, ulihusu kujithamini. Mimi ndiye ninayeuvuta huku.

#10 Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi, nafanya zamu. Mtaala_Mpya kasema kile nilichokiona kwangu bila kusoma popote.

Nikitoka kazini kichwa kinabaki wodini. Yule wa kitanda cha mwisho, dripu yake nilibadilisha? Nilimwandika? Zamani nilikuwa najiambia "nina utulivu, nina amani", na kichwa kinajibu "na dripu je?" Nikaacha. Sasa najisemea vitu ambavyo hakuna wa kunipinga. "Zamu nimekabidhi. Daftari lina saini mbili. Wagonjwa wana mtu macho sasa hivi, na mtu huyo si mimi." Hiyo ya tatu ndiyo inayonilegeza mabega. Sijui kwa nini hiyo hasa, lakini nikifika hapo naona mwili unakubali.

Hakuna kauli ya ushindi wala mafanikio hapo. Mume wa Mama_Wawili asinisikie.

#11 Kauzu_Original

Hiyo si maneno ya kutuliza, dada. Hiyo ni ripoti ya makabidhiano.

#12 Zamu_ya_Usiku

Iite ripoti. Ripoti inanilaza.

#13 Ustadhi_Mtulivu

Assalaam aleikum. Ndugu zangu mnazunguka mbali. Sisi tumefundishwa adhkari za kulala tangu utotoni: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, jumla 100. Mtume (SAW) aliwafundisha Fatima na Ali walipomwendea kwa sababu ya uchovu wa kazi za nyumbani. Unahesabu kwa vidole, na mara nyingi hufiki mwisho. Sihitaji Mfaransa aniletee mafundo.

#14 Sauti_ya_Pili

Amina kwa hilo la Ustadhi. Upande wetu kuna Zaburi 4:8, anayelala kwa amani kwa sababu Bwana ndiye anayemlinda. Tofauti na "mimi ni mshindi" naiona hapa: kwenye sala simwambii mtu kwamba mimi ni hodari. Nasema kuna mwingine amebeba lindo, mimi nilale. Kwa kweli haiko mbali na sentensi ya tatu ya dada muuguzi.

#15 Kauzu_Original

Kwa hiyo asiye na dini akeshe?

#16 Msimamizi_Zamu

Tusiende huko. Uzi ni wa usingizi.

#17 Pumzi_Taratibu

Ustadhi na Sauti_ya_Pili wamegusa kitu bila kukitaja. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake. Walichukua watu wazima 23 wenye afya, wakawasikilizia pumzi na mapigo ya moyo wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka mantra ya yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa. Vyote viwili viliwashusha pumzi hadi takriban 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta kati ya 12 na 20. Na mapigo ya moyo yakaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja na pumzi.

Dini mbili, lugha mbili, maana mbili tofauti kabisa, mwili ukajibu vilevile. Kilichofanana ni urefu wa sentensi. Ukiitamka polepole huwezi kuvuta pumzi katikati, lazima uimalize kwanza. Mwili unapumua taratibu bila wewe kuuamuru.

Macho_Balbu, sentensi zako tatu zikiwa fupi fupi unazikimbiza. Jaribu kuzifunga ziwe mbili, moja ya kuvuta na moja ndefu ya kutoa.

#18 Kauzu_Original

Asante, umenisaidia kazi. Kwa hiyo ni pumzi, maneno hayana kazi. Mtu anaweza kutamka jedwali la kuzidisha akalala.

#19 Nyundo_ya_Plastiki

Kauzu nimejaribu ushauri wako jana usiku. Nilianza vizuri na mbili mara mbili. Nilipofika saba mara nane nikasita, nikawasha taa kuhakikisha. Hivi sasa ninavyoandika sijalala.

#20 Ustadhi_Mtulivu

Hahaha. Ndugu Kauzu, umeona? Maneno yana uzito wake. Jedwali ni la kupatia au kukosea, dhikri haina mtihani. Nakubali pumzi ina sehemu yake, lakini msiseme maana haina kazi. Mtu anayetaja jambo analoliogopa kwa pumzi sita kwa dakika bado anaogopa, kwa taratibu tu.

#21 Pumzi_Taratibu

Ustadhi hapo sina jibu la kukata. Utafiti ule haukulinganisha maneno matamu na machungu.

#22 Herufi_Kubwa

Mimi kambi yangu ni nyingine. Si pumzi wala maana. Ni nafasi. Kichwa cha usiku kina nafasi moja ya kuongea, ikikaliwa na "niko salama" basi "kodi ya nyumba" inakosa pa kukaa. Lakini sentensi moja ukiizoea inajiendesha yenyewe, nafasi inabaki wazi tena, na wasiwasi unarudi. Ndiyo maana mtoa mada ilifanya kazi ikaacha. Ameizoea.

Luc Beaudoin, mtafiti wa Canada, ana njia ninayoitumia. Unachagua neno lisilo na maudhi, tuseme "mlango". Unaanza na M: mto, mkeka, mbuzi, mwavuli. Kila kimoja unakitazama kidogo kichwani, hasa ukione, huyo mbuzi ana rangi gani, amesimama wapi, kisha unamwacha. Ukiishiwa unahamia L. Picha zisihusiane kabisa. Hoja yake ni kwamba mtu anayeelekea kusinzia mawazo yake huwa yanarukaruka hivyo bila mpangilio, sasa wewe unayaiga makusudi na kichwa kinaelewa kwamba muda umefika.

Kwangu mimi N sijawahi kuifikia.

#23 Baba_Mkubwa_Kidogo

Mwenzenu sina shida ya usingizi, mwanangu ndiye. Ana miaka mitano, anaogopa giza. Mama yake akamtungia maneno, wanasema pamoja kila usiku kwa mpangilio ule ule: "Mlango umefungwa. Mama yupo chumba cha pili. Taa ya korido inawaka. Kesho ipo." Siku moja korido ikaungua balbu. Mtoto akagoma kusema mstari wa tatu. "Mama, taa haiwaki." Hatukulala mpaka tuliposogeza taa nyingine pale, ndipo akautamka na kugeukia ukutani.

Mtaala_Mpya, nadhani huyu angekuelewa. Ya uongo hataki.

#24 Mama_Wawili_Tu

Huyo mtoto mpeni maua yake. Mume wangu angekuwa na msimamo huo "mshindi" ingekufa siku nyingi.

#25 Mtaala_Mpya

Baba_Mkubwa, kisa kizuri, ila kwa upande mwingine kinanitia mashaka. Mwaka 2009 huo huo Jodi Mindell na wenzake walifuatilia kina mama 405 na watoto wao wachanga na wadogo. Waliopewa utaratibu mmoja wa usiku, kuogeshwa, kupakwa mafuta, shughuli tulivu, taa kuzimwa, kila siku kwa mfuatano huo huo, watoto wao walilala haraka zaidi na kuamka mara chache. Hakukuwa na kauli maalumu humo. Kilichotangulia na kilichofuata ndicho kilichobaki kilekile.

Je, kwa mwanao ni maneno, au ni ule mpangilio usiovunjwa? Angekuwa anaimbiwa kitu kisicho na maana kabisa, kila usiku, saa ile ile, asingelala?

#26 Baba_Mkubwa_Kidogo

Sasa mbona alikagua balbu?

#27 Mtaala_Mpya

Kweli. Umenipata hapo.

#28 Spika_ya_Mto

Mimi nimerekodi sauti yangu mwenyewe kwenye simu, inanisemea usiku kucha chini ya mto. "Unastahili kupumzika, kila kitu kipo sawa." Nasikia ubongo unafundishika vizuri ukiwa umelala kuliko ukiwa macho. Kuna aliyewahi?

#29 Dawa_na_Dozi

Mkuu Spika, hilo lilipimwa zamani. Mwaka 1956 Simon na Emmons, Wamarekani, waliwachezea watu taarifa usiku huku wakipima mawimbi ya ubongo ili wajue nani kalala kweli. Yaliyosemwa mtu akiwa usingizini hayakubaki kichwani asubuhi. Yaliyobaki ni yale aliyoyasikia akiwa bado macho au nusu macho.

Kwa hiyo ile nusu saa ya mwanzo ndiyo inayokufanyia kazi. Baada ya hapo ni betri inakwisha. Weka izime yenyewe, na simu ikae mbali na mto.

#30 Spika_ya_Mto

Kwa hiyo nimekuwa nikijisemesha bure tangu saa tano hadi alfajiri. Sawa.

#31 Macho_Balbu

Nimewasoma wote, asanteni. Jibu la kahawa: Kauzu, mimi si mnywaji.

Nimejaribu ya Zamu_ya_Usiku, kuacha "ninapata usingizi mzito" na kusema tu yale yasiyopingika: "Mlango nimefunga. Leo hakuna kitakachobadilika tena. Nimelala chali, shingo imepumzika." Ubishi umepungua. Lakini kimezuka kingine. Najikuta navizia. Nasema maneno huku najichungulia: je, usingizi umeanza kuja? Sasa? Nikijichungulia tu, naamka.

#32 Kinyume_Mbele

Hapo ndipo penye ufunguo, mkuu, na si kwenye sentensi. Mwaka 1996 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu walale haraka iwezekanavyo huku wakiwachezea muziki wa gwaride. Walioambiwa waharakishe walichelewa kulala kuliko walioambiwa walale wakati wowote watakao. Ukijiamuru kitu, sehemu ya kichwa inabaki zamu kukagua kama kimetimia. Huyo mkaguzi halali, na wewe hulali.

Viktor Frankl, yule daktari wa akili wa Vienna, aliwapa wasiolala dawa ya kinyume: lala kitandani gizani, usishike simu, jaribu kubaki macho. Mkaguzi anapewa kazi nyingine, usingizi unapita mlango wa nyuma. Badilisha sentensi yako iwe "Napumzika tu. Nikibaki macho ni sawa."

#33 Nyundo_ya_Plastiki

Mimi nilijaribu kubaki macho makusudi. Nikafaulu.

#34 Bwana_Rejea

Nimerudi na rejea iliyokaguliwa. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake, Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwalaza watu 57 maabara. Kabla ya taa kuzimwa kila mmoja aliandika kwa dakika 5. Kundi moja liliandika mambo ya kufanya siku zijazo, jingine mambo yaliyokwisha. Kundi moja likalala mapema kwa dakika 9 hivi. Ni lile lililoandika yaliyokwisha, maana kutaja ulichotimiza kunatuliza.

#35 Dawa_na_Dozi

Bwana_Rejea, kaka yangu. Ni lile lililoandika ya kesho. Na walioorodhesha kwa kina ndio waliowahi zaidi.

#36 Kiti_cha_Mbele

Bwana_Rejea 0, Dawa_na_Dozi 2.

#37 Bwana_Rejea

Dakika 9 zimebaki 9. Endeleeni.

#38 Herufi_Kubwa

Lakini tazameni hilo, linawapinga watu wa "siku imeisha". Walioshika yaliyoisha walichelewa, walioweka kesho kwenye karatasi wakawahi. Huenda kichwa hakitaki kuambiwa pole, kinataka kujua kwamba jambo limeandikwa mahali. Inarudi kwenye daftari lenye saini mbili la Zamu.

#39 Kliniki_ya_Pili

Habari zenu. Nafanya kazi na wagonjwa wenye shida za usingizi, naongeza machache kabla hatujamaliza kucheka.

Kuna maneno ambayo hayakupi matumaini wala hayakupi sifa, yanataja mwili tu. Johannes Schultz, daktari wa akili Mjerumani, aliyatolea mafunzo kamili mwaka 1932: "Mkono wangu wa kulia ni mzito," unaurudia polepole, kisha wa kushoto, kisha miguu, halafu "mkono wangu una joto." Mkono ukiachwa kitandani kweli ni mzito, kwa hiyo sauti ya "Nani? Wewe?" haina pa kushika. Kwa Macho_Balbu ningeanzia hapo.

La pili, ukiona muda umepita, dakika 20 kwa makadirio, usitazame saa, toka kitandani. Kaa mahali pengine penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Richard Bootzin aliianzisha njia hii mwaka 1972 na bado inatumika. Kujisemea maneno saa mbili ukiwa umelala pale kunakifundisha kitanda kuwa mahali pa kubishana.

La tatu halina mzaha. Usiku mitatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, hapo mwone mtaalamu. Yapo matibabu ya mazungumzo mahususi kwa kukosa usingizi, na chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kiliyapendekeza mwaka 2016 yatangulie kabla ya vidonge. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usiku, anayesinzia mchana kwenye usukani, au anayeamka alfajiri akiona maisha hayana maana, huyo hahitaji sentensi. Anahitaji kupimwa. Mama_Wawili, hilo la kukoroma kwa mzee nimeliona.

#40 Mama_Wawili_Tu

Asante daktari. Anakoroma kawaida, pumzi hazikatiki, nimeshawahi kumsikiliza kwa sababu hiyo hiyo. Si nilisema mimi ndiye ninayebaki macho?

#41 Kauzu_Original

Kliniki_ya_Pili kamaliza. Mwili, kitanda, daktari. Maneno ni mapambo.

#42 Sauti_ya_Pili

Kauzu, "mkono wangu ni mzito" ni nini kama si maneno?

#43 Kauzu_Original

Ni maelezo ya mkono.

#44 Mtaala_Mpya

Kuna kipande kimoja hakijaguswa. Ethan Kross na wenzake, mwaka 2014, walionyesha kwamba mtu akijisemesha kwa jina lake badala ya "mimi" anatulia zaidi kwenye mambo yanayomtia wasiwasi. Unakuwa mtu wa pembeni kidogo. Haikuwa kitandani, ilikuwa kabla ya kuhutubia watu na mambo ya aina hiyo. Lakini wengi wetu kinachotukesha ni hotuba ya kesho au mazungumzo ya jana, kwa hiyo sioni ubaya wa kujaribu. "Fulani, umefanya ulichoweza leo."

#45 Ustadhi_Mtulivu

Yaani badala ya kubishana na nafsi, unaisemesha kama mzazi anavyomsemesha mtoto. Hilo nalielewa.

#46 Mwanafunzi_Hosteli

Shikamooni wakubwa. Naomba kumuuliza dada Zamu_ya_Usiku. Mimi nalala mchana kwa sababu ya kazi ya usiku, na nyumba inakuwa na kelele. Ukitoka zamu asubuhi unajisemea hayo hayo ya daftari na saini, au kuna mengine?

#47 Zamu_ya_Usiku

Marahaba mdogo wangu. Mchana kwanza nafunga pazia zito na kuweka vizibo masikioni, maana mwanga ukiingia hakuna sentensi inayoushinda. Miwani nyeusi naivaa tangu mlangoni kazini mpaka nyumbani.

Maneno ya makabidhiano yanabaki, ila nimeongeza moja la kelele. Nikisikia mlango unabamizwa au mtu anacheka nje, sijiambii "hakuna kelele", maana zipo. Nasema, "Hiyo si kengele ya mgonjwa." Kila sauti, naijibu hivyo hivyo. Pikipiki, si kengele ya mgonjwa. Jirani anaita mtoto, si kengele ya mgonjwa. Kwa kazi yako tafuta sauti inayokuamsha ukiwa kazini, uweke hiyo.

#48 Mwanafunzi_Hosteli

Yangu ni king'ora cha geti. Nimekuelewa dada, asante.